Jina kwanza, gati baadaye: mwongozo kamili wa hostingi na viungo kwa mwenye tovuti mpya Lamu

Nahodha mmoja wa Shela alinipigia simu mwezi wa Desemba, msimu umepamba moto na ndege zinashusha wageni Manda kila siku. "Mwanangu, jina langu li wapi yeo?" Nikafungua tovuti yake kwenye simu. Picha ya jahazi haikuwapo. Palikuwa na ukurasa mtupu na tangazo kwamba domeni hiyo, yaani jina la tovuti, inauzwa. Kijana aliyemtengenezea alikuwa ameisajili kwa jina lake na barua pepe yake mwenyewe, kisha akahama mji na kubadilisha namba. Ilani za malipo zilikuwa zikienda kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Faili zote za tovuti zilikuwa salama kwenye seva, yaani kompyuta inayoitunza tovuti, hakuna hata picha moja iliyopungua. Kilichopotea ni jina, na jina ndilo wageni walilokuwa nalo.

Hatukulipata tena. Tulianza na jina jipya, na karibu mwaka mzima ulipita kabla Google haijamzoea. Ndiyo maana nikimfundisha mtu kuweka tovuti sianzi na rangi wala picha. Naanza na umiliki wa jina.

Mtu wa hapa huelewa upesi nikimwambia hivi: domeni ni jina lililoandikwa ubavuni mwa jahazi, na hostingi ni gati unapolifunga. Gati likikuudhi, unafungua kamba na kwenda kutia nanga Matondoni au Mokowe, na watu bado wanakujua kwa jina lile lile. Jina likiwa la mtu mwingine, huna jahazi.

Hatua ya kwanza: sajili jina, na liwe lako

Domeni zinazoishia na .ke husimamiwa na KeNIC, lakini wewe utanunua kwa mmoja wa wasajili waliopewa idhini. Biashara huchukua .co.ke, mashirika yasiyo ya faida .or.ke, na mtu binafsi anaweza kuchukua .me.ke. Siku hizi hata .ke tupu inapatikana. Wageni wako wakitoka nje zaidi, .com inakaa vyema midomoni mwao. Ukiweza chukua zote mbili, kisha uielekeze moja kwa nyingine.

Jina lijaribu kwa simu kabla ya kulipa. Mpigie mtu aliye kwenye boti, injini ikinguruma, umtajie mara moja. Akikuuliza "na ile alama ya katikati?" limeshindwa. Epuka vistari na tarakimu. Sisi wa huku tuna tatizo letu la ziada: Shela wengine huiandika Shella. Ukitaka neno hilo ndani ya domeni, nunua tahajia zote mbili au liache kabisa, maana nusu ya wageni watakosea na hutajua walikwenda wapi.

Sasa fomu ya usajili, ambayo watu huijaza haraka kama fomu ya kupandia ndege. Penye mmiliki, andika jina lako au la biashara yako, si la fundi. Penye barua pepe, weka anwani unayoifungua kila siku, na isiwe ya domeni hiyo hiyo unayoisajili. Hili la pili ndilo mtego: domeni ikizimika, barua pepe yake inazimika nayo, na ujumbe wa kukurudishia neno la siri utatumwa kwenye anwani iliyokufa. Weka Gmail au nyingine yoyote ya nje. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Fundi akihitaji kuingia, mwingize mwenyewe ukiwa umekaa naye, au umpe neno la siri la muda na ulibadilishe akimaliza.

Ikiwa tayari una tovuti aliyokutengenezea mtu, simama hapa kwanza. Mwombe akuhamishie domeni kwenye akaunti yako leo, mkiwa bado mnasalimiana. Atahitaji kuifungua kufuli na kukupa msimbo wa kuhamisha. Domeni ya .com iliyosajiliwa chini ya siku 60 zilizopita kwa kawaida haihamishiki kwenda kwa msajili mwingine, lakini ndani ya msajili yule yule huweza kuhama akaunti.

Ikiisha muda, .com haipotei siku hiyo hiyo. Msajili huacha nafasi ya kulipa kwa kawaida, halafu zinafuata siku 30 za kuikomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za kufutwa, ndipo inaachiwa yeyote. Lipia miaka miwili au mitatu kwa mkupuo uache kuhesabu siku.

Hatua ya pili: chagua gati

Hostingi ni nafasi kwenye kompyuta inayowaka usiku na mchana, yenye intaneti, inayomkabidhi kurasa zako kila anayebisha hodi. Utauziwa aina nyingi. Ile ya kushirikiana, ambapo tovuti nyingi zinalala kwenye seva moja, inamtosha mwenye nyumba ya wageni, nahodha, fundi wa milango na muuza kofia za vito. Seva ya kipekee ni ya mwenye duka kubwa la mtandaoni. Anayekusukumia hiyo siku ya kwanza anatafuta kamisheni.

Piga hesabu yako mwenyewe. Tuseme ukurasa wako una uzito wa MB 2, unapata watu 100 kwa siku na kila mmoja anafungua kurasa 3. Hiyo ni MB 600 kwa siku, kama GB 18 kwa mwezi. Wateja wangu wengi hawafiki hapo hata Desemba. Kwa hiyo neno "bila kikomo" lililoandikwa kwa herufi kubwa lisikutoe pesa mfukoni.

Chunguza ahadi ya kuwa hewani. Asilimia 99.9 maana yake seva inaweza kuzimika dakika 43 katika mwezi wa siku 30 na ahadi ikawa haijavunjwa. Asilimia 99 ni saa 7 na dakika 12. Kwa macho ni tofauti ndogo, lakini saa 7 ni usiku mzima wa mtu wa Ulaya anayetafuta chumba cha mwaka mpya.

Uliza bei ya mwaka wa pili. Ya mwaka wa kwanza ni chambo. Uliza nakala rudufu inafanywa kila baada ya siku ngapi na kuirudisha ni bure au kwa malipo. Halafu wajaribu: waandikie swali dogo Ijumaa jioni, kabla hujalipa. Jinsi watakavyokujibu ukiwa mteja wanayekutamani ndiyo bora utakayoiona maishani mwako.

Seva iwe wapi? Huku tunaambiwa sana iwe Kenya. Ni ushauri mzuri kwa mwenye wateja wa Nairobi na Mombasa. Lakini mwenye nyumba za kupangisha Malindi, ambaye simu zake zote ni za Waitaliano, seva ya Ulaya iko mlangoni mwa mteja wake. Data inapita kwenye nyaya chini ya bahari, na nyaya hukatika: Mei 2024 za EASSy na Seacom zilipoharibika, Afrika Mashariki nzima ilisota. Siku kama hizo tovuti iliyoko Ulaya inaendelea kuonekana Ulaya, hata kama wewe mwenyewe huioni. Asiyetaka kuchagua anaweza kuweka mbele ya tovuti yake huduma kama Cloudflare, yenye mpango wa bure. Huhifadhi nakala za picha na faili nyingine za tovuti kwenye seva za miji mingi, Nairobi na Mombasa zikiwemo.

Hatua ya tatu: funga kamba

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, ilhali ni kazi ya dakika kumi. Juzi niliifanya na ami yangu, tumekaa barazani kwake, yeye na simu yake na mimi na yangu.

Ukilipia hostingi utaletewa barua pepe yenye majina mawili yanayofanana na ns1 na ns2, yakifuatwa na jina la kampuni. Hizo ni seva za majina. Ingia kwenye akaunti ya domeni, fungua sehemu ya seva za majina, futa yaliyopo, bandika hayo mawili, hifadhi. Ami alibandika la kwanza likakataliwa, mara ya pili likakataliwa. Kumbe alipolinakili kwenye simu, nafasi tupu moja ilijibandika mwishoni. Ukiona jina linakataliwa na limeandikwa sawa, gusa mwisho wake na ufute nafasi hiyo usiyoiona.

Kisha ni kusubiri. Huweza kuchukua dakika chache au hadi saa 48, kwa sababu kompyuta kote duniani huwa zimekariri anwani ya zamani. Robo saa baadaye simu yangu ilionyesha tovuti mpya, ya ami ikawa bado.

"Mbona yako yaonyesha na yangu haionyeshi?"

"Ami, yako bado yakumbuka njia ya jana."

Hakuna kilichoharibika. Kosa ni kuingia tena na kubadilishabadilisha mipangilio kwa sababu ya wasiwasi. Hapo ndipo mambo huharibika kweli.

Anayehama kutoka hostingi moja kwenda nyingine ana tahadhari mbili zaidi. Ya kwanza ni barua pepe. Rekodi za MX ndizo zinazoonyesha barua ziende wapi, na ukibadilisha seva za majina bila kuzinakili huko unakokwenda, tovuti itafunguka vizuri na barua hazitaingia. Niliwahi kulifanya kosa hili kwa nyumba moja ya wageni. Siku mbili mwenye nyumba alidhani biashara imelala, kumbe wageni walikuwa wakiandika na barua zinawarudia. Siku hizi, kabla sijagusa chochote, napiga picha ya skrini ya rekodi zote. Ya pili ni wakati. Hamisha mwezi wa Mei, mvua ya masika ikinyesha na vyumba vikiwa vitupu. Hostingi ya zamani usiifunge mpaka wiki mbili zipite.

Ukiwa hapo kwenye rekodi, weka pia zile za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, ambazo hostingi yako itakupa. Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na angalau moja kati ya hizo, la sivyo majibu yako kwa wageni yanaweza kuishia kwenye taka au kukataliwa.

Hatua ya nne: kufuli na picha

Nitapita haraka. Cheti cha usalama kinachoweka https usikinunue. Shirika la Let's Encrypt hutoa cheti bure, cha siku 90, na hostingi nyingi hukifanya upya chenyewe. Tangu Julai 2018 Chrome huandika kwamba tovuti isiyo nacho si salama, na hakuna mgeni atakayekuachia namba yake akiona maneno hayo. Ukitumia WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, isakinishe kupitia cPanel, ukurasa wa kuongozea hostingi yako; jina la kuingilia lisiwe "admin", na masasisho yawe ya moja kwa moja. Plagini, yaani programu za nyongeza, ziwe chache, tano au sita. Fomu ya kuombea chumba iombe jina, tarehe na namba ya kuwasiliana. Namba ya pasipoti isubiri mgeni afike. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na usichokikusanya hakiwezi kukuponyoka.

Picha ndizo zinazoua tovuti za huku. Simu nzuri hupiga picha ya MB 4. Ukiweka 12 za mlango, paa na ufuo, umemtuma mgeni apakue MB 48 akiwa Mokowe anasubiri boti, na bando lake lenyewe dogo. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1600 na umbizo la WebP. Nyingi zitashuka chini ya KB 200, na hakuna jicho litakalogundua.

Hatua ya tano: viungo

Kwetu viungo ni vya pilau kwanza, na vya tovuti havitofautiani sana. Bizari iliyokaa dukani miaka miwili, hata utie kilo, haitoi harufu.

Kiungo ni tovuti ya mtu mwingine kuitaja yako kwa linki inayobonyezeka. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, waliijenga Google juu ya wazo kwamba kila kiungo ni ushahidi, na uzito wa ushahidi hutegemea shahidi ni nani. Watu wakaanza kuuza mashahidi. Mwaka 2005 ikaja alama ya rel="nofollow", inayomwambia Google asihesabu kiungo fulani. Aprili 2012 likaja badiliko lililoitwa Penguin, likaziangusha tovuti zilizojijaza viungo vya kununua, na tangu 2016 kazi kubwa ya mfumo huo ni kuvipuuza tu viungo vya namna hiyo.

Mimi nilijifunza kwa pesa. Mwaka wangu wa kwanza nilimnunulia mteja viungo 500 kwa mkupuo. Vilipofika, vilitoka kwenye kurasa za kamari na dawa za kupunguza unene, kwa lugha nisizozijua. Miezi mitatu nikifuatilia takwimu, hakuna hata mtu mmoja aliyeingia kupitia huko. Nilimrudishia pesa yake kwa aibu. Bado kila wiki naletewa barua za kuuziwa vingine, 1,000 kwa bei ya chakula cha mchana.

Viungo vya kweli vinatoka kwa wanaokujua. Chukua daftari, andika majina ya watu ambao tayari wanakuletea wateja: wakala wa Nairobi anayekutumia wageni, hoteli inayokuitia jahazi, mwalimu wa yoga anayepanga nyumba yako kila Januari, msanifu majengo aliyelala kwako akapiga picha zidaka zote. Angalia nani kati yao ana tovuti na kama amekutaja. Utashangaa wangapi wamekutaja bila kuweka linki. Hao ndio wa kuanza nao, maana kazi imeshafanyika nusu. Ujumbe wangu huwa mfupi:

"Assalamu alaykum. Nimeona mmeandika kuhusu safari yenu ya Manda pamoja nasi, nashukuru sana. Wasomaji wenu wanaotaka kutupata hawana njia ya kubonyeza. Mkiweza, liunganisheni jina letu na ukurasa huu wa safari. Na ile saa ya kuondoka mliyoandika imebadilika. Sasa tunafuata maji, si saa."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayofanya kazi. Umempa sababu ya kufungua ukurasa wake na kuurekebisha, na akishaufungua, linki ni sekunde kumi. Maneno ya kiungo mwachie achague mwenyewe. Ukiwaagiza watu kumi waandike maneno yale yale, kama "safari bora ya jahazi Lamu", utaonekana wazi kwamba umepanga.

Pili, andika kitu ambacho mtu angekitaja hata asipokujua. Nahodha wangu, yule aliyepotelewa na jina, hakutaka kuandika sifa za jahazi lake. Nilimwuliza ni swali gani wageni humsumbua nalo zaidi. Akasema: kwa nini leo tunaondoka saa mbili na jana tuliondoka saa moja? Basi tukaandika ukurasa mmoja wa bamvua na maji mafu: kwamba mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu maji hujaa sana na kutoka sana, kwamba kila siku maji huchelewa kwa dakika hamsini hivi, na kwamba fungu fulani hupitika saa hii na saa ile hapana. Alizungumza nikirekodi, nikaandika kwa Kiswahili na Kiingereza. Ukurasa huo umeunganishwa na wapiga picha, wasafiri wa mitumbwi ya kayaki na mwalimu mmoja wa jiografia. Ukurasa wake wa bei haujaunganishwa na mtu. Mwenye nyumba anaweza kueleza jinsi ukuta wa matumbawe unavyopakwa chokaa, au mgeni mwenye masanduku matatu afanyeje kutoka gatini ambapo gari halipiti na punda ndiye teksi.

Tatu, weka biashara yako kwenye ramani ya Google kupitia Google Business Profile, bure. Mji wa Kale ni vichochoro, na anwani tunayoelekezana ni "nyuma ya msikiti, mlango wa kijani". Nenda simama mlangoni kwako na uweke alama ya ramani hapo hapo, si katikati ya mji inapojiweka yenyewe.

Kisha kuna wale wanaokuandikia wakitaka kulala bure wakuandike. Ukiona wana wasomaji wa kweli, wape chumba, si haramu. Lakini kwa kanuni za Google huo ni ununuzi kama ununuzi mwingine, na kiungo chao kiwekwe alama ya rel="sponsored", iliyoanza 2019. Akikataa, hajui kazi yake. Na usijichomeke kwenye Wikipedia: viungo vyake vya nje vimewekewa nofollow tangu 2007, na wahariri watakufuta.

Hatua ya sita: tarehe moja kila mwezi

Jiunge na Google Search Console, chombo cha Google cha kukuonyesha inavyoiona tovuti yako. Itakupa mstari wa maandishi uuweke kama rekodi ya TXT, pale pale ulipogusa rekodi nyingine. Iwasilishie ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zako. WordPress huitengeneza yenyewe tangu 2020, kwenye anwani ya wp-sitemap.xml. Kila tarehe moja angalia mambo matatu: maneno gani watu wametafuta wakakuona, kurasa gani zimeshindwa kusomwa, na nani kakuunganisha. Ukiona viungo vya ajabu usivyovijua, viache. Kila tovuti huvipata, na Google huvipuuza. Matokeo ya kiungo kizuri huonekana baada ya wiki kadhaa, mara nyingi miezi, kwa hiyo usiangalie kila asubuhi.

Siku hiyo hiyo pakua nakala rudufu moja kwenye kompyuta au flashi. Mara moja kwa mwaka jaribu kuirudisha mahali pa majaribio, maana nakala isiyofunguka haikufai.

Na pale unapoandika malipo ya maji na umeme, andika jina la msajili, barua pepe uliyosajilia, tarehe domeni inapoisha na mahali lilipo neno la siri. Nahodha wangu ameandika zake kwa hati za Kiarabu, mkono wake mwenyewe, na karatasi iko ndani ya kasha pamoja na hati ya nyumba. Mwanawe mkubwa ndiye mwenye ufunguo wa pili.